Bhutani Itacheza kwa Kanuni Zangu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kahawa imeungua. Redio imekufa. Hata hivyo ni siku njema kabisa, kwa sababu kaka yangu Zabron amepiga simu kutoka Igowole.

Kwa kawaida Zabron hupiga simu kunisimulia miparachichi yake. Mti huu umechanua, mti ule umegoma. Mimi humsikiliza kama mtu asikilizavyo mvua kwenye bati. Leo, bila kukusudia, alisema jambo la maana. Wiki ijayo atapokea wageni sita kutoka Bhutani, wakulima wanaotaka kujifunza kilimo cha parachichi. Wataongozwa na Devotha, afisa kilimo.

Nilimwuliza Bhutani iko wapi. Akasema iko Asia, mdogo wangu, milimani huko. Mdogo wangu! Ana miaka sabini na mitatu na hachoki kuniita hivyo. Mbele ya watu huongeza kwamba alinibeba mgongoni kuvuka mto kwa kuwa nilikuwa naogopa maji. Hakuna aliyemwuliza.

Nilifungua atlasi. Bhutani ni milima mitupu. Hakuna mahali pa kulaza hata chapati. Nchi ya namna hiyo itaweka wapi uwanja wa watu ishirini na wawili? Inahitaji mchezo mdogo. Na mchezo mdogo upo. Nimeubuni mimi.

Soka la Wanne. Wachezaji wanne kila upande. Hakuna kipa. Goli ni matofali mawili yaliyoachana hatua tatu. Mpira haupandi juu ya goti. Kanuni arobaini na moja, zote kwa mwandiko wangu. Tangu nilipostaafu ualimu mwaka juzi nimeueneza mchezo huu mtaani kwetu, Ipogolo nzima, yaani nyuma ya nyumba yangu. Sasa ni zamu ya Asia.

Verediana, mke wangu, aliuliza kama Ipogolo yenyewe imekwisha kuukubali. Nabii hakubaliki kwao. Imeandikwa. Nilimwambia hivyo akaenda kuanika vyombo.

Jumanne, 5 Novemba

Uwanja wetu ni mzuri. Una kasoro moja ndogo: ni shamba la maharage la Verediana.

Amenikumbusha mapatano yetu. Kiangazi ni changu, masika ni yake. Tone la kwanza la mvua likianguka, yeye anaingia na jembe, awe mtu yumo uwanjani au hayumo. Mbegu ziko tayari kwenye debe, jikoni, mahali ambapo siwezi kukosa kuziona. Niliangalia mbingu. Safi kama sahani ya mgeni. Nilimwambia wageni wakiupokea mchezo, shamba hili halitarudi kuwa shamba. Litakuwa mahali pa historia. Watu watakuja kupiga picha.

Akauliza historia huungwa kwa nazi au kwa karanga.

Kasoro ya pili, ambayo kwangu si kasoro: uwanja umeinama. Kwa hiyo Kanuni ya 5 inasema wenyeji watacheza kutokea juu katika kipindi cha kwanza. Katika kipindi cha pili pia. Mgeni hapewi kiti cha mwenye nyumba.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimenakili kanuni zote upya kwa ajili ya wageni. Mkono umekufa ganzi. Roho imenenepa.

Hakuna mchezo mwingine duniani wenye adabu kama huu. Kanuni ya 7: kabla ya mchezo, mdogo atamwamkia mkubwa. Kanuni ya 12, ambayo ndiyo moyo wa mambo yote: ni mwiko kumpiga chenga au kumnyang'anya mpira mtu aliyekuzidi umri, mpaka umwombe radhi na yeye akubali. Mimi huwa sikubali. Ndiyo maana sijafungwa tangu nianze. Wachezaji wenzangu, ambao ni sauti tatu za besi kutoka kwaya ya usharika, wanasema kwamba huo si ushindi. Wana wivu.

Kanuni ya 13 niliiongeza kwa ajili ya Sosthenes, mmoja wa hao besi. Ana mvi za urithi. Ana miaka hamsini na mmoja tu, lakini alianza kudai heshima ya mtu wa sabini na kunizuia nisimguse. Nikaandika: umri utathibitishwa kwa kitambulisho cha taifa, si kwa mvi. Alinywea kama puto.

Verediana alisoma Kanuni ya 13 akacheka mpaka akaketi kwenye gunia. Kwa kitambulisho, aliuliza, Baba Faustina? Wewe?

Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Kwa mujibu wa marehemu mama yangu, nilizaliwa mwaka 1957, mwaka ambao nyumba ya kwanza kijijini iliezekwa bati. Kwa mujibu wa kitambulisho, nilizaliwa 1962. Nilipotaka kwenda chuo cha ualimu nilikuwa nimepita umri, basi miaka mitano ikapotea njiani. Sikuidanganya serikali. Niliacha tu kuikumbusha. Na ikawa heri, kwa kuwa nilistaafu nikiwa na miaka sitini kwa mara ya pili.

Nilimwambia Verediana kwamba jambo hilo halina madhara. Hata kwa umri wa karatasi, hakuna mchezaji Ipogolo anayenizidi. Nani mwingine mwenye umri wangu anacheza mpira?

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda Mbeya kutafuta jezi. Niliazimia kutomwambia mtu habari za Bhutani.

Nilidumu dakika tano.

Mwenye kosa ni Selemani. Ana kibanda cha jezi na viatu sokoni Mwanjelwa, na ana tabia mbaya ya kuuliza maswali kwa upole. Tumejuana miaka mingi na kubishana miaka ile ile. Anashikilia kwamba Soka la Wanne lilizaliwa nyuma ya kibanda chake, kati ya wapagazi waliokuwa wakisubiri magari ya viazi. Kweli wapagazi hao hucheza wanne kwa wanne. Lakini wana kanuni moja tu: ukichoka, keti. Huo si mchezo. Hiyo ni hali ya binadamu.

Nilitaka tu kumkata maneno. Nikamwambia kwamba mchezo wangu unakwenda Asia, na kwamba wageni watauona kwa macho yao, Ipogolo, wiki ijayo. Akasema ni jambo kubwa, Mwalimu. Akauliza timu pinzani ni ipi.

Hapo nikaanza kupekua jezi zake. Sina timu pinzani. Besi ni watatu tu, na sauti ya kwanza ya kwaya imekataa kuchafuka.

Akajitolea kuleta wapagazi wake watatu, na yeye awe wa nne. Kisha akaomba nakala ya kanuni, ili wasije wakakosea. Nikampa. Akaketi kwenye benchi na kuzisoma zote. Zote! Kutoka ya 1 mpaka ya 41, kwa kidole, wateja wakisubiri. Sijawahi kumwona binadamu akipita Kanuni ya 6. Nilikaribia kutoa machozi. Alipofika katikati alitabasamu, akarudia mahali fulani mara mbili, kisha akaniuliza mimi ni wa mwaka gani vile. Nikamwambia kwa uchangamfu kwamba yote yamo katika kitambulisho.

Adui mwenye kusoma ni bora kuliko rafiki asiyesoma.

Jezi hazikuwapo za kutosha. Nimepata fulana nane za njano zilizobaki kwenye kamati ya sherehe, zenye maneno HARUSI YA SAIDA NA HABIBU mgongoni. Bhutani hawasomi Kiswahili.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimetengeneza hati. Karatasi ngumu, mistari miwili ya wino wa bluu kandokando. Inasema kwamba wakulima wa Bhutani wameupokea mchezo wa Soka la Wanne na kanuni zake, kutoka kwa mwasisi wake. Mahali pa jina la mwasisi nimeacha wazi. Nitalijaza mbele ya wageni, polepole, watu wakiangalia.

Kanuni ya 40 inasema hati zote zitatiwa saini na mtu mkubwa kwa umri kuliko wote upande wa wenyeji. Huyo atakuwa Zabron, kwa kuwa ndiye atakayewaleta. Vizuri sana. Zabron hutia saini popote unapomwekea kidole.

Kikwazo: Devotha. Nilimpigia simu kumwalika. Amenijibu kwa adabu ya ofisini kwamba ratiba ya wageni haina mpira. Ina parachichi, chai, chakula cha mchana na parachichi.

Nikakata simu. Nikafikiri. Nikapata!

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwandikia Devotha barua rasmi. Nimemweleza kwamba Ipogolo, kando ya barabara kuu watakayopita siku ya Jumamosi, kuna shamba la mfano la maharage na pilipili kwenye mteremko, linalomilikiwa na mama mkulima. Mteremko! Watu wa milimani hawawezi kupita mteremko bila kusimama.

Amekubali. Nusu saa.

Sikusema uongo. Shamba lipo. Mteremko upo. Mama yupo. Pilipili zipo, mashina kumi na moja pembeni mwa uwanja. Maharage yapo, kwenye debe.

Verediana amepata habari kwamba ana shamba la mfano. Amepata kwa Zabron, aliyepiga simu kumpongeza. Nilikuwa chooni na nikakaa huko muda wa kutosha.

Alipotulia alisema neno moja tu. Alisema upepo umegeuka.

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu. Mtu aliyefundishwa huandika kwa utaratibu hata siku ya msiba.

Selemani alifika kabla ya wote, akiwa na wapagazi watatu wenye miundi kama mihimili ya nyumba. Saa nne wakafika wageni, Zabron akiwa mbele kama bwana harusi. Kiongozi wao ni Bwana Dorji, mwenyekiti wa wakulima wa kwao, mzee mfupi mwenye magoti ya kijana. Amezaliwa 1953, kama pasipoti yake ilivyothibitisha baadaye. Nilimsalimu kwa Kihehe, kamwene, ili ajue yuko wapi. Akainama. Mtu wa maana.

Devotha alitazama uwanja. Akatazama matofali. Akaniuliza maharage yako wapi, Mwalimu. Nikasema yamepumzishwa. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sipendi watu wanaoandika.

Wakati huo Bwana Dorji alikuwa amefika kwenye pilipili za Verediana. Akachuma moja, mbichi, ndefu, ile aina ambayo mimi huigusa kwa kijiko. Akaila yote kama karanga. Sote tukasubiri aanguke. Akachuma ya pili. Devotha akatafsiri kwamba kwao pilipili ni mboga, si kiungo, na kwamba hii ina tabia njema. Akauliza ni za nani. Verediana akanyoosha kidole kifuani mwake. Dakika kumi za ratiba yangu zikaishia kwenye pilipili.

Nikaona nichukue usukani. Nikaeleza mchezo. Bwana Dorji akautazama mteremko na kusema kwamba kwao viwanja vyote vimeinama hivi hivi, mpira ukikushinda unakwenda kuuchukua kwa jirani. Moyo wangu ukaruka. Bhutani ilikuwa mkononi!

Kisha nikatangaza, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba tutaanza na Kanuni ya 7 na ya 13.

Devotha akasoma vitambulisho kwa sauti. Besi wangu, wote wazaliwa wa miaka ya sabini, Sosthenes akiwamo. Wapagazi, vijana watupu. Selemani, 1959. Mimi, 1962.

Selemani alitoa nakala ya kanuni mfukoni. Alikuwa amepigia mstari.

"Kanuni ya saba, Mwalimu," alisema. "Nasubiri."

Besi wangu wakachungulia mstari huo begani mwake.

Zabron akaanza kucheka. "Sitini na mbili? Huyu? Huyu ni wa hamsini na saba. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kuvuka mto."

Devotha akainua macho kutoka kwenye kitambulisho changu. Afisa wa serikali, kalamu mkononi! Nikaona miaka yangu mitano ya nyongeza ikipanga foleni mbele yake, na pensheni yangu nyuma ya foleni, ikilia.

Nikasema kaka amechanganya mambo. Ni umri. Nikasema aliyebebwa mgongoni alikuwa mtoto mwingine.

"Mtoto gani?" akauliza Zabron. "Kwetu tulizaliwa wawili tu."

"Wa jirani," nikasema.

Zabron aliacha kucheka. "Basi mimi ni mwongo," alisema. Akaenda kukaa ndani ya gari la wageni na kufunga mlango.

Selemani alikuwa bado anasubiri. Alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo, kama mtu aliye na siku nzima.

"Shikamoo, Bwana Selemani."

Alitazama milima. Akaweka sawa fulana yake ya Saida na Habibu. Akakohoa.

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

Sijambo.

Kuhusu mchezo wenyewe sina mengi. Selemani hakukimbia hata hatua moja. Alitembea na mpira kutoka chini kwenda juu kama mtu anayepeleka sahani kwa mgonjwa. Nikamwendea na kuomba radhi kwa mujibu wa Kanuni ya 12. Akasema bado, mdogo wangu. Akafunga. Sosthenes naye akamwendea, akaomba radhi, akaambiwa arudi kesho. Bao la nne alilifunga akiongea na simu. Alisimama katikati ya uwanja, mguu juu ya mpira, akamweleza mteja kwamba viatu vya namba arobaini na mbili vimekwisha, sisi wanne tumemzunguka kwa heshima tukisubiri amalize.

Wageni walifurahi kupita kiasi. Wale watano wadogo walikuwa wakimwelekeza mzee wao kwa vidole na kucheka. Bwana Dorji akauliza kama naye anaweza kuingia.

Hapo akili yangu ikaamka. Miaka sabini na mmoja! Nikamtoa Sosthenes na kumchukua Bwana Dorji upande wangu. Selemani alipoteza rangi. Bwana Dorji akamwendea, akachukua mpira kutoka mguuni pake kama mtu anayechukua fimbo yake mlangoni, akashuka nao mteremko na kufunga. Akafunga tena. Akafunga la tatu. Nikamkimbilia, nikaomba pasi, kwa kuwa ilifaa mwasisi afunge bao la kusawazisha. Devotha alitafsiri jibu lake kutoka pembeni.

Bado.

Ndipo tone la kwanza likaniangukia puani. La pili kwenye kanuni. Nilipogeuka, Verediana alikuwa amesimama kati ya matofali mawili akiwa na jembe begani na debe mkononi. Nikamwambia zimebaki dakika sita na sisi tuko nyuma kwa bao moja. Akasema mapatano ni mapatano, Baba Faustina, sogea. Na akaanza kupanda pale pale, akidondosha mbegu ndani ya mashimo ya viatu vyetu. Aliona hakuna haja ya kuchimba upya.

Tukakimbilia barazani. Bwana Dorji alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa ujana. Alisema ataupeleka mchezo huu kwao. Wazee wa kijiji chake wamechoka kukaa pembeni na kutazama vijana. Alisema hivyo! Bhutani! Nikatoa hati. Nikatoa kalamu.

Selemani akatoa Kanuni ya 40.

Mtu mkubwa kwa umri upande wa wenyeji. Nikatuma mtu amwite Zabron garini. Akarudi na jibu kwamba mwongo hatii saini hati za serikali. Nikaenda mwenyewe, mvuani. Zabron aliteremsha kioo kiasi cha vidole viwili. Akaniambia nimwite yule mtoto wa jirani.

Basi Selemani akatia saini. Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa bado mkononi mwake na nafasi ilikuwa wazi, akajaza na jina la mwasisi. Ana mwandiko mzuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Bwana Dorji akamvisha kitambaa cheupe cha heshima shingoni, juu ya Saida na Habibu, na wote wakapiga makofi.

Verediana alipewa anwani na akaombwa mbegu za pilipili.

Mimi nilishika mwavuli.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda kanisani. Mafua.

Verediana ameniletea habari kwamba besi waliimba vibaya kwa sababu kila walipokutana macho walicheka. Mchungaji ameuliza afya yangu. Sosthenes amemjibu kwamba naendelea vizuri kwa kijana wa umri wangu.

Nimempigia Zabron mara nne. Simu inaita, haipokewi. Miparachichi itakuwa imechanua.

Alhamisi, 28 Novemba

Maharage yameota. Hayakuota kwa mistari, kama maharage ya watu. Yamefuata nyayo zetu. Kutoka barazani unaweza kuusoma mchezo wote. Mstari mmoja ulionyooka unapanda kutoka chini hadi matofali ya juu bila kupinda popote: hapo ndipo Selemani alipotembea. Pameota msitu mnene sehemu moja, katikati. Nilimwuliza Verediana kwa nini pale yamebanana.

Akasema pale ndipo uliposimama kuomba radhi.

Anapalilia akiimba. Majirani huja kutazama. Wanapiga picha, kama nilivyotabiri.

Jumamosi, 21 Desemba

Devotha amemtumia Verediana picha kwenye simu, kutoka Bhutani. Imepigwa kwenye ngazi ya shamba, mlimani, ukungu nyuma. Wazee wanane wamevaa makoti marefu yaliyofungwa kiunoni. Wanne kwa wanne. Hakuna kipa. Magoli ni mawe mawili. Mpira uko chini ya mguu wa mzee mmoja mwenye fimbo, na wengine saba wamemzunguka wakiwa wameinamisha vichwa. Wanamwomba radhi! Kanuni ya 12, hai, Asia!

Nililia kidogo. Mafua bado.

Kisha nikasoma maelezo aliyotafsiri Devotha chini ya picha. Yanasema kijiji kizima kinaupenda mchezo wa Mzee Selemani kutoka Tanzania. Yanasema pilipili za Mama Verediana zimeota. Kuhusu mtu mwingine yeyote hayasemi.

Verediana alisema nimpigie tena Zabron. Nimwambie kweli tu: kwamba alinibeba, kwamba niliogopa maji, basi. Alisema hilo halihitaji kanuni. Nimesema nitalifikiria.

Jumapili, 22 Desemba

Nimelifikiria usiku kucha na nimepata chanzo cha matatizo yote.

Si uongo wa umri, kama Verediana anavyodhani. Ni kwamba niliudanganya umri kwenda upande usiofaa! Nilipunguza nilipopaswa kuongeza. Mtu aliyezaliwa 1962 ataamkia watu maisha yake yote. Kesho asubuhi nakwenda kwa wakili kuapa kiapo. Rasimu imekamilika, kurasa mbili, safi kabisa. Inaeleza kwamba kutokana na makosa ya zamani ya uandishi, mimi nimezaliwa mwaka 1949.

Sabini na mitano! Nimemzidi Selemani kwa miaka kumi. Nimemzidi Dorji kwa minne. Hakuna atakayenigusa. Tena nimesikia kwamba mwezi wa Machi kuna wageni kutoka Mongolia watakaokuja kuangalia ng'ombe. Nchi pana, najua, lakini baridi. Watu wa baridi wanahitaji mchezo wa karibu karibu. Nimekwisha kupima kwa hatua shamba la viazi la Verediana. Linatosha, na limeinama vizuri.

Nilimsomea rasimu mezani. Aliuliza kama watu wa pensheni hawatashangaa kwamba nilistaafu nikiwa na miaka sabini na mitatu. Nikamwambia hiyo ni hesabu, mimi nilifundisha lugha. Akaendelea kuchambua maharage. Baadaye akauliza, polepole, Zabron ni wa mwaka gani.

Wa hamsini na moja.

Akarudi kwenye maharage. Nimeliona mwenyewe: nimemzidi kwa miwili, na wala halinitishi. Kinyume chake, linamaliza ugomvi wetu kwa heshima. Nikitoka kwa wakili nakwenda moja kwa moja Igowole. Sitaomba radhi wala sitaeleza chochote. Nitampa kaka Zabron nakala ya kiapo, nitasimama mlangoni pake, na nitasubiri aniamkie.